Njia na Ardhi Katika Riruta



Riruta ya zamani ilikuwa nchi ya mashamba, magharibi ya Nairobi, nje ya mpaka wa mji. Katika miaka ya 1950 mashamba ya Kiambu yaliunganishwa, yakapimwa, na wenyewe wakaandikishwa. Ardhi ilipimwa kwa ajili ya mahindi na ng'ombe. Matatu hazikuwamo katika hesabu. Mpaka uliposogezwa mwaka 1963, Riruta na Kawangware ziliingia mjini pamoja na vijia vyake. Tangu hapo mashamba yamekatwa vipande vipande na kujengwa nyumba za kupangisha, lakini njia nyingi zimebaki nyembamba vile vile. Kuipanua moja ni kugusa hati za watu wengi.

Kibera ni kinyume. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya Serikali, ijapokuwa Wanubi wamekaa tangu mwanzo wa karne ya 20. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara hiyo ilihitajiwa, hapana shaka. Lakini mwenye hati hulipwa fidia. Asiye nayo je? Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yaruhusu mkaaji wa nia njema kulipwa hata bila hati. Yaruhusu tu, hailazimishi.

Ramani kuu ya mji iliyotayarishwa 2014 yalenga mwaka 2030. Mwenye kiwanja Riruta na aende akaitazame kabla ya kuchimba msingi, ajue njia itapita wapi.