Mfarishi wa Bibi



Nimetakiwa kusema juu ya mazao. Nitataja moja lisiloandikwa katika daftari zetu: sufi.

Miaka ya 1990, kipupwe kilipoingia, wajukuu watano tulilala Mji Mkongwe chini ya mfarishi mmoja. Bibi aliushona kwa mkono: kanga kuukuu juu na chini, sufi ya shamba katikati. Sufi yenyewe ni nyepesi. Uzito ulitokana na viraka, kwani kila mwaka aliongeza. Ukitaka kugeuka, sote tugeuke! Kuchambua mbegu ndiko kulikomchosha.

Sasa tunanunua magodoro ya sponji, na shambani kwetu umebaki msufi mmoja. Ndugu yangu ataka kuukata, apande migomba. Nimemwomba asubiri msimu mmoja: shangazi yetu angali ajua kushona, na binti zangu hawajafunzwa.