Kuhukumu, Kutafuta na Kuhakiki: Mhadhara juu ya Namba Moja Kubwa



Maudhui ya mhadhara huu ni namba moja tu, nayo ni ile ipatikanayo kwa kuzidisha mbili kwa mbili hata zitimie mbili 67, kisha ikaondolewa moja. Ikiandikwa kwa ukamilifu ni 147,573,952,589,676,412,927. Sikuichagua kwa ukubwa wake, kwani zilizo kubwa kuliko hiyo hazina ukomo, bali kwa kuwa tarihi yake yabainisha kwamba kuihukumu namba, kutafuta vigawo vyake, na kuvihakiki vikiisha patikana, ni kazi tatu zenye uzito mbalimbali.

Mwaka 1644 mtawa wa Paris, Marin Mersenne, alidai kitabuni mwake kuwa namba za jinsi hii, kwa vipeo visivyozidi 257, ni tasa katika vipeo kumi na kimoja tu, 67 kikiwa kimojawapo. Hakutoa burhani, na kauli yake ikadumu zaidi ya karne mbili, kwani nani angejaribu vigawo hadi kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho chapita bilioni kumi na mbili?

Aliyeitengua ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1876. Njia yake, kama alivyokuja kuinyoosha Derrick Henry Lehmer, ni hii: anza na nne, izidishe kwa nafsi yake, ondoa mbili, gawanya kwa namba iliyo mashakani, shika baki peke yake, kisha rudia kazi hiyo juu ya baki, mara zilizo pungufu ya kipeo kwa mbili, la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa, na lisipokuwa sifuri, si tasa. Kwa 31, yenye kipeo cha 5, nne yatoa 14; 14 yatoa 194, ambayo baki lake ni 8; na 8 yatoa 62, igawanyikayo kwa 31 pasipo baki. Namba yetu yataka marudio 65, na mwishowe sifuri haitokei. Basi yakini ikapatikana kuwa ina vigawo, ilhali hapana hata kimoja kilichojulikana, mfano wa kadhi aliyethibitishiwa kuwa mirathi ina warithi zaidi ya mmoja, asitajiwe jina la yeyote.

Majina hayo aliyaleta Frank Nelson Cole, mbele ya wanahisabati wa Marekani mjini New York, Oktoba 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Wala havikukaa ovyo, kwani kila kigawo tasa cha namba hii sharti, kikipunguzwa moja, kigawanyike kwa 134, na kikigawanywa kwa nane, kibakize moja au saba. Hata hivyo, atakayepanda ngazi hizo za 134 moja moja, akiziacha zile zilizokatazwa na sharti la pili, atajaribu 722,789 kabla ya kukifikia kile kidogo. Na kumbe mwanafunzi wa shule, akipewa vyote viwili, huvizidisha na kuhakiki jawabu kwa muda mchache.

Juu ya tofauti hiyo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 fumbo la kulinda siri: namba hutangazwa kwa watu wote, vigawo vyake viwili hufichwa. Mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena, huko Kanpur nchini India, walithibitisha kuwa namba yoyote yaweza kuhukumiwa tasa au si tasa kwa hatua zisizokua kupita kiasi kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Lakini kwa kutafuta vigawo, njia kama hiyo kwa mashine za kawaida haijapatikana, wala hapana aliyethibitisha kuwa haipo. Kwa hiyo, fedha na barua zinazolindwa kwa fumbo hilo zategemea dhana ambayo, kama ile ya Mersenne, imeaminiwa kabla ya burhani, na kuitafuta burhani hiyo ni deni la wanahisabati.