Mafuta ya Breki Hayapimwi kwa Vidole

Gari la doria litokalo Hima, likapita Kasese hadi Bwera na Mpondwe, huwa limebeba askari ambao maisha yao yamo katika kikopo kidogo chini ya boneti. Mpaka huo ulishambuliwa Novemba 1996, ukashambuliwa tena Juni 2023. Hapana haja ya kueleza kwa nini gari la huko sharti lifike, na likifika lisimame.

Madereva wengi huijua kazi moja tu ya mafuta ya breki: kupeleka nguvu ya mguu hadi magurudumuni. Kazi ya pili haitajwi sana. Mafuta hayo ndiyo yanayolainisha pistoni na raba zake ndani ya silinda, maana humo hamna kilainishi kingine. Yakikosa ulaini, raba hulika, silinda hukwaruzika, na breki huanza kuvuja kidogo kidogo.

Wako mafundi wayasuguao kwa vidole na kutoa hukumu. Hukumu hiyo haina thamani. Oili ya injini huteleza vidoleni kuliko mafuta ya breki, lakini ikitiwa humo raba huvimba na kulegea, na pistoni hukwama. Dereva aliyeishiwa njiani akaitia, ili afike tu, ameharibu mfumo mzima. Kuosha hakutoshi, raba zote hubadilishwa.

Kipimo cha kweli ni kirefu. Kwa kanuni ya Marekani Na. 116, mafuta hutiwa katika mfumo wa breki uliofungwa maabarani, wenye silinda kuu na silinda za magurudumu, hupashwa joto la sentigredi 120, na mashine huzikanyaga breki mara 85,000. Kisha mfumo hufunguliwa. Kipenyo cha silinda au pistoni hakiruhusiwi kubadilika zaidi ya milimita 0.13, karibu unene wa karatasi.

Karakana ya kambi haina mashine hiyo, wala haiihitaji. Kopo halisi la DOT 3 au DOT 4, ambalo kifuniko chake hakijaguswa, lilitengenezwa kufaulu mtihani huo. Hatari huanza lifunguliwapo, kwani mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Maji huleta kutu, na kutu hukwaruza silinda. Tena, kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 mpya ni sentigredi 205. Yakishanyonya maji, ni 140. Katika mteremko wa Kichwamba, barabara ya Mbarara, breki zikikanyagwa mfululizo mvuke hujaa mabombani na kanyagio huzama hadi chini.

Kopo lililofunguliwa tangu mvua zilizopita hutupwa. Halirudishwi stoo.