Mashine Ikikosea, Nani Alipe?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili)



Wengi mmetuuliza kwa nini mradi wa kuwapa wakulima ushauri kwa simu haujaanza, ilhali fedha zilishapatikana. Jibu ni kifungu kimoja cha mkataba. Kampuni yenye programu hiyo, inayotumia akili mnemba kujibu maswali ya mbegu, mbolea na dawa, imeandika kwamba haitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokana na majibu hayo. Tumekataa kutia saini, na tungependa mjue sababu.

Novemba 2022, huko Kanada, mtu mmoja alifiwa na bibi yake. Alifungua tovuti ya shirika la ndege la Air Canada, akaiuliza programu ya kujibu wateja kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Ikamwambia anunue tiketi, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Akafanya hivyo. Alipoomba, akaambiwa punguzo haliombwi baada ya safari, na kwamba hayo yameandikwa katika ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo.

Akapeleka madai katika baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia. Hapo shirika likaleta utetezi ambao, kwa jinsi baraza lilivyouelewa, maana yake ni kwamba programu ile inajitegemea kisheria na ijibu yenyewe kwa matendo yake. (Ingelipa kutoka mfuko gani, hatujui.) Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo: tovuti ni ya shirika, na kila kilichomo ni chake, uwe ukurasa au programu. Mteja hakuwa na sababu ya kujua kwamba sehemu moja ni ya kuaminika kuliko nyingine. Shirika likaamriwa kulipa jumla ya dola 812 za Kanada, riba na ada zikiwemo.

Fedha hizo ni kidogo, na uamuzi ule hauzibani mahakama za kwetu. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Oktoba 2024 ulipitisha sheria inayohesabu programu za kompyuta, akili mnemba ikiwemo, kuwa bidhaa. Ikiwa na kasoro na ikamdhuru mtu, mtengenezaji hudaiwa hata kama uzembe haukuthibitishwa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Lakini mkulima aliyeambiwa apige dawa mara tatu ya kipimo, mahindi yakaungua, hataanza na sheria hiyo. Wala hataanza na kampuni. Ataanza na katekista aliyemshawishi ajiandikishe.

Tumependekeza mambo matatu: kampuni ibebe dhamana ya majibu ya vipimo vya dawa, maswali na majibu yahifadhiwe, na bwana shamba apitie kila jibu la sumu kabla halijatumwa. Mawili yamekubaliwa. La dhamana bado.

Wafadhili wetu, fedha zenu hazijaguswa. Mtuvumilie hadi kikao cha robo ijayo. Nanyi wajumbe, tuleteeni maswali ya dawa ambayo wakulima wenu huuliza kweli, kwa maneno yao wenyewe, ili tuijaribu programu kabla ya siku hiyo.