Mganga hajigangi: tutunze moyo wa yule anayesikiliza wengine

Maneno yaliyotolewa mbele ya komite za kambi, wasikilizaji na viongozi wa dini, Bunia, Ituri



Ninawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja hapa. Najua wengine mmetoka nyumbani mapema sana, na wengine mmeacha watu wanawangojea kwenye mlango wa hema. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi, kisha tutafanya zoezi moja pamoja.

Katika mikutano yetu tunazoea kuzungumza juu ya mateso ya wale waliokimbia. Leo naomba tuzungumze juu ya wale wanaowapokea. Mama anayeketi katika nyumba ya kusikiliza na kupokea habari za ubakaji tangu asubuhi mpaka jioni. Reko wa afya anayepita hema kwa hema. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati. Prezida wa kambi anayeamshwa usiku kwa sababu ya mwizi, ya mgonjwa, ya mama anayejifungua. Na jamaa iliyofungua nyumba yake kwa jamaa nyingine mbili, na sasa wanakula wote katika sufuria moja.

Watu hawa wengi wao ni wakimbizi wa ndani pia. Tangu mwisho wa mwaka 2017, wakati mauaji yalipoanza tena katika Djugu, wamekimbia mara moja, mara mbili, mara tatu. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Baada ya shambulio kama hilo, ni nani anayeandika majina ya wafu? Ni nani anayetafuta wazazi wa mtoto aliyebaki peke yake? Ni mtu wa komite. Naye amefiwa, lakini daftari liko mkononi mwake.

Wazee walisema: mganga hajigangi. Tunalitumia neno hilo kama kicheko, lakini ndani yake mna onyo.

Uchovu huu ni wa namna gani?

Kuna uchovu wa mwili. Mtu amelima, amebeba bidoni za maji, analala, kesho anaamka na nguvu. Kuna uchovu mwingine ambao usingizi hauuondoi. Mwaka 1974, mganga wa akili aitwaye Herbert Freudenberger aliuandika katika mji wa New York, Marekani. Hakuwaona wenye makampuni makubwa. Aliwaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure, waliohudumia vijana waliozoea madawa ya kulevya. Waliingia kazini na moyo wa moto, na baada ya miezi ule moto ulibaki majivu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika kwamba hali hii inatoka katika mzigo wa kazi wa muda mrefu ambao haukusimamiwa vizuri, na likataja alama tatu. Nitazieleza kwa maneno ya kambini.

Alama ya kwanza: nguvu zimekwisha. Unaamka asubuhi na umechoka kama mtu aliyefanya zamu ya usiku. Kichwa kinauma, mgongo unauma, usingizi unakatika.

Alama ya pili: moyo unajitenga na kazi na watu. Zamani mama akilia mbele yako, ulimpa kiti na maji. Leo unamwambia, "Wote mnasema hivyo hivyo." Hukuwa mtu mbaya kwa siku moja. Moyo umejifunga ili usiumie tena.

Alama ya tatu: unaona kazi yako haina faida. Unajaza karatasi, lakini ndani yako unasema, "Haitabadilisha kitu."

Kila mmoja ajitazame kimyakimya, bila kunyosha kidole kwa jirani.

Kwa nini jambo hili linagusa amani?

Mtu anaweza kuniuliza: "Ndugu, wewe unafanya kazi ya amani, mbona unatuletea habari za uchovu?" Swali ni zuri. Tazameni siku ya kugawa vyakula. Jua ni kali, orodha ina makosa, na mtu mmoja hakukuta jina lake. Mwenye orodha hakulala usiku tatu. Anajibu kwa ukali: "Toka hapa, ninyi mnasumbua kila mara." Hakusema "wewe", alisema "ninyi". Yule mtu hakusikia neno la uchovu, alisikia neno la kabila. Jioni habari imefika mwisho wa kambi, na vijana wameanza kukusanyika. Kesho yake tunaitwa kupatanisha. Orodha ingesahihishwa kwa dakika tano, lakini neno moja limehitaji wiki nzima. Ndiyo maana wazee walisema pia: hasira, hasara.

Kwa hiyo kiongozi anayejua kusimama kidogo kabla ya kujibu anafanya kazi ya amani, hata kama hakuna mtu anayemwona.

Zoezi la kurudi mahali ulipo

Kuna mazoezi yanayofundishwa leo katika nchi nyingi kwa wauguzi, walimu na wafanyakazi wa misaada. Jambo lenyewe ni hili: kuweka mawazo yako kwa makusudi katika kitu kinachotendeka sasa, bila kujihukumu. Mawazo yetu yanapenda kukimbia. Yanarudi nyuma kwenye usiku wa shambulio, au yanakwenda mbele: kesho tutakula nini? Mazoezi yanafundisha kuyarudisha polepole, kama mchungaji anavyorudisha mbuzi aliyetoka njiani. Hampigi, anamrudisha tu. Na mbuzi akitoka tena, anamrudisha tena.

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha hivyo katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Siku hizi mafunzo hayo ni ya wiki 8. Alichukua mambo mengi katika desturi ya Wabudha, lakini aliyafundisha kama zoezi la afya, bila dini.

Karibu nasi pia yamejaribiwa. Katika Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 waliokimbia kutoka Sudan Kusini waliingia katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Vijiji vingine vilipata mafunzo ya vikao 5, kwa sauti iliyorekodiwa na picha, na walioongoza vikao hawakuwa waganga wa akili. Wanawake waliofuata mafunzo hayo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wale wasioyapata, na miezi mitatu baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Wale walikuwa wakimbizi, utafiti haukuwa juu ya wafanyakazi. Lakini unatuonyesha kwamba zoezi hili linaweza kufanyika kambini, na mtu asiyesoma vitabu.

Sasa tujaribu. Itachukua dakika tatu.

Kwanza, keti au simama, nyayo zote mbili chini. Zisikilize nyayo. Udongo ni baridi au ni moto? Sandali inakubana wapi?

Pili, angalia pumzi yako. Usiilazimishe. Ikitoka, iache itoke taratibu mpaka mwisho. Fanya hivyo mara sita.

Tatu, sema ndani yako jina la kile unachosikia: "Hii ni hasira." "Hii ni huzuni." "Hii ni woga." Usijisute. Unapokipa jina, unakiona, nacho hakikuongozi tena gizani.

Nne, tazama vitu vitatu vilivyo mbele yako na sikiliza sauti mbili. Bidoni ya njano. Mtoto anacheka. Tshukudu inapita.

Tano, jiulize: mtu anayefuata akiingia, nataka anikute namna gani? Kisha mwite.

Basi. Wasikilizaji, fanyeni hivyo kati ya mtu na mtu, ili huzuni ya mama wa kwanza isikae katika kiti cha mama wa pili. Ninyi wa komite, fanyeni hivyo kabla ya kufungua orodha.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza. Msimlazimishe mtu kufunga macho. Aliyeona mabaya makubwa, akifunga macho anaweza kuyaona tena. Macho yabaki wazi, yatazame chini au ukutani. Na mtu akianza kutetemeka au kulia sana, aache pumzi, ashike kitu mkononi, jiwe au kikombe, na mmoja wenu akae naye.

La pili. Wengine wameniuliza kama zoezi hili linapinga imani. Hakuna jina la mungu mwingine linalotajwa ndani yake, na hakuna anayeombwa kuacha sala yake. Mkristo anaweza kuanza kwa sala, Mwislamu anaweza kufanya baada ya swala. Ninyi viongozi wa dini, litazameni wenyewe, kisha mwaelezee waumini wenu kwa uhuru.

La tatu. Zoezi hili si dawa ya kila ugonjwa. Mtu asiyelala majuma mengi, anayesema anataka kufa, au anayekunywa pombe ili asahau, ampelekwe kwenye kituo cha afya. Huko si kushindwa. Hata malaria hatuiponyi kwa pumzi.

Mzigo usibaki juu ya mtu mmoja

Sasa nitasema neno ambalo mashirika hayapendi kusikia, na mimi ni mtu wa shirika. Ni rahisi sana kumwambia mtu aliyebebeshwa magunia matatu, "Pumua vizuri." Afadhali kwanza tumpunguzie gunia moja. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 19 juu ya madaktari, ulionyesha kwamba kumfundisha mtu mwenyewe kunasaidia kidogo, lakini kurekebisha kazi yenyewe, kama vile saa na mpango wa zamu, kunasaidia zaidi. Tafiti zile zilifanyika mbali na hapa, lakini somo lake tunalielewa.

Kwa mashirika, ninaomba haya: msikilizaji awe na siku ya kupumzika inayoandikwa katika mpango, isiwe zawadi. Anayejitolea apewe kile alichoahidiwa, na kwa wakati. Awe na mtu wa kumsikiliza yeye, angalau mara moja kwa mwezi. Na asiulizwe ripoti tatu juu ya jambo lilelile.

Kwa komite, ninaomba haya: daftari la usiku lizunguke. Prezida wa kambi asiamshwe kila usiku, wawepo watu wanne wa zamu. Siku ya kugawa vyakula, wenye orodha wabadilishane kila saa mbili, na awepo mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wasiokuta majina yao.

Kwa jamaa, ninaomba hili: mama mshauri akirudi nyumbani, msimngoje na kuni, maji na bugali vyote vikiwa bado. Mtoto mkubwa achote maji. Baba naye ana mikono. Na msimwulize habari za watu aliowasikiliza, kwa maana zile ni siri zao.

Wapendwa, tusidanganyane. Bunduki hazitanyamaza kwa sababu sisi tumepumua mara sita. Wenye kuzinyamazisha wanajulikana, na tutaendelea kuwadai amani. Lakini kati ya leo na siku ile, watu watakuja mlangoni petu. Atakuja mama na mtoto mgongoni, amekimbia usiku, hajui amwambie nani. Kuna tofauti kubwa kati ya kukuta kiti na mtu aliye macho, na kukuta mtu ambaye moyo wake umekwisha fungwa.

Ninawaomba kazi moja kabla hatujakutana tena. Kila komite ichague watu wawili wafanye zoezi hili kila siku, asubuhi na kabla ya kazi ngumu, kwa wiki 8. Na komite hiyohiyo iandike zamu za usiku na za mapumziko, izibandike mahali kila mtu anaweza kuzisoma. Msifanye moja bila nyingine. Mkutano ujao tutaanza na daftari zenu: nani alipumzika, nani hakupumzika, na kwa sababu gani.

 Sasa ni zamu yangu kuwasikiliza ninyi.