Kufungulia Mashini Yetu Dirisha

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama, Baraka



Munakumbuka mama mmoja wetu alipofiwa na mume wake. Sheria yetu inasema mwanachama aliyemaliza michango anasaidiwa sanduku na chakula cha kilio siku ileile. Tulikimbia biro kuangalia rejista. Mashini iliwaka vizuri, lakini kwenye ekra kulikuwa maandishi tu, na alama moja inapepesa, inangojea amri. Kijana anayejua zile amri alikuwa safarini Uvira. Siku mbili tulikopa kwa majirani ili kumzika mtu aliyekuwa amelipa kila kitu. Haya ile ni yetu, sisi tulioweka mashini.

Hatukuiweka vile kwa kuringa. Seva kazi yake ni kutunza na kugawa, haihitaji picha. Bila picha inakula kumbukumbu kidogo na kura kidogo. Na programu zikiwa chache, milango ya mwizi nayo ni michache. Kwetu kura ni ya plake za jua, kwa hiyo tulifikiri tumefanya akili. Tulisahau jambo moja: rejista inayosomwa na mtu mmoja ni rejista ya mtu mmoja.

Sasa tumefanya hivi. Mfumo wetu ni Ubuntu, jina ambalo maana yake ni utu. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na ni wa bure. Meza yake ya kawaida ni nzito: kwa toleo la 24.04 wanashauri giga 4 za kumbukumbu, na seva yetu iko na giga 4 tu, tena ina kazi zingine. Tulichagua Xfce, meza nyepesi iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996.

Kwanza tulinakili rejista yote kwenye diski ya pembeni, kisha tukaandika:

sudo apt update
sudo apt install xorg xfce4 libreoffice-calc

Hiyo inashusha mamia ya megabaiti. Tulifanya usiku, wakati intaneti inapumua. Halafu tukaiambia mashini iendelee kuwaka kwa maandishi tu:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Mama sekretere akifika, anaandika jina lake na neno lake la siri, kisha neno moja: startx. Meza inafunguka, anashika suri, anafungua jedwali la michango kama alivyozoea kwenye kompyuta zingine. Akimaliza anafunga, na picha zinaacha kula kumbukumbu. Betri inabaki kwa usiku.

Kila mtu amefunguliwa jina lake kwa amri ya sudo adduser. Hakuna anayefanya kazi kwa jina la mkubwa wa mashini, juu ya kosa moja pale linaweza kufuta yote. Mama sekretere na mweka hazina wanaandika; wa komite ya ukaguzi wanasoma tu. Neno la siri la mkubwa liko ndani ya bahasha iliyofungwa, wanaishika wazee wawili.

Wafadhili, munatuulizaga nani anaweza kuona franga zenu zilipopita. Zamani jibu lilikuwa kijana mmoja. Leo ni watu watano, na wanne kati yao hawajasoma informatike.

Lakini tusidanganyane. Dirisha halifundishi mtu kuwa mwaminifu. Pia programu zimeongezeka, lazima tuzifanyie masasisho kila mwezi. Na daftari la karatasi halitupwi: siku betri itakufa, karatasi itasema.

Wengi wetu tulitoka Nyarugusu na Lugufu. Kule majina yetu yalikaa kwenye mashini za watu wengine, nasi tulipanga mstari nje tukingoja kuambiwa kama tumo. Hapa ni kwetu. Kila kikundi kilete watu wawili Jumamosi, mmoja awe mama, waje kujifunza kufungua na kufunga. Mwanachama asizikwe tena kwa deni wakati jina lake limelipwa.