Bei Iliyokosewa: Haki ya Mwenye Kuuza na Haki ya Mwenye Kununua



Katika masuala yaulizwayo mara kwa mara baada ya sala, na kujibiwa kwa haraka kuliko yanavyostahiki, ni hili: mwenye duka amekosea bei, akatoza kidogo kuliko alivyokusudia, je, mnunuzi ana haki ya kwenda zake na tofauti ile? Wako wasemao, "Biashara imekwisha, kosa ni lake." Na wako washikao kuwa kila senti irejeshwe, hata pale mwenye duka alipopunguza kwa hiari yake. Wote hao wamechanganya mambo yasiyokuwa mamoja.

Chenji ndiyo nyepesi. Mtu amenunua sukari ya Sh. 4,000, akatoa noti ya Sh. 10,000, naye akarejeshewa Sh. 16,000 kwa kuwa muuzaji alidhani amepewa noti ya Sh. 20,000. Hapo hapana la kujadili. Bei waliyoridhiana ilikuwa Sh. 4,000, na zile Sh. 10,000 za ziada hazimo katika mapatano yoyote. Ni mali ya mwenyewe iliyoingia katika mkono wa mwingine. Akitambua njiani, na arudi. Akitambua nyumbani, na azipeleke.

La pili ni kinyume chake, nalo huwashangaza watu wengi. Muuzaji ametaja bei aliyoikusudia hasa, ila hakujua thamani ya alichonacho: ameuza saa ya zamani kwa Sh. 50,000, na kumbe sokoni yapata mara tatu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, kupunjika peke yake, pasipo hadaa, hakuvunji biashara. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametoa mfano wa mtu aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari: hana khiari ya kurejesha, kwani ilimpasa atazame na aulize. Ikiwa mnunuzi hukatazwa kulia, muuzaji naye hawezi kulia. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, ilipima hata kiasi cha punjo kubwa: sehemu moja ya ishirini katika bidhaa, moja ya kumi katika wanyama, moja ya tano katika nyumba na ardhi. Hata hivyo, punjo bila ya udanganyifu haikutosha kumrudisha mtu nyuma, isipokuwa katika mali ya yatima, ya wakfu na ya hazina.

Hiyo ndiyo haki. Lakini Jarir bin Abdullah, Sahaba wa Mtume (S.A.W.), hakukomea hapo. Yasimuliwa kuwa mtumishi wake alimnunulia farasi kwa 300. Jarir akamtazama farasi, akamwambia mwenyewe kuwa anastahiki zaidi, akazidi kupandisha hata akamlipa 800. Hapana kadhi ambaye angemlazimisha.

Lililo gumu ni la tatu: ulimi au kalamu imeteleza. Muuzaji alikusudia Sh. 150,000, akaandika Sh. 15,000. Hapa muuzaji hakukosea thamani. Lile neno lenyewe silo alilolikusudia. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, imeifanya ridhaa ya pande mbili kuwa msingi wa biashara, na ridhaa haipatikani kwa tarakimu iliyoponyoka. Mnunuzi aliyejua, akanyamaza na kuharakisha kulipa, hana pa kujitetea.

Sheria ya Kiingereza, iliyo asili ya sheria nyingi za biashara za Uganda na Kenya, imefika mahali pale pale. Mwaka 1939, katika mahakama ya London, mfanyabiashara aliuziwa ngozi 30,000 za sungura kutoka Argentina. Mazungumzo yote yalikuwa ya bei kwa kila ngozi. Barua ikaandika bei ile kwa kila ratili, na ratili moja huchukua ngozi kama tatu. Mnunuzi akadai apewe kama ilivyoandikwa. Jaji akamkatalia, kwa kuwa lazima alijua kuwa lile ni kosa. Na huko Singapore, mwaka 2003, watu sita waliagiza mashine 1,606 za kupigia chapa kwa dola 66 moja, na bei yake ilikuwa dola 3,854. Walishindwa mwaka 2004, na rufani yao ikatupwa mwaka 2005.

Isidhaniwe kuwa muuzaji amepewa mlango wa kuingilia na kutokea. Mwenye kubandika bei ndogo kwa makusudi ili avute watu, kisha akatoza kubwa penye malipo, huyo ni mdanganyifu, wala neno "nilikosea" halimfai. Na mnunuzi aliyelipa kwa nia safi, asijue lolote, hatoitwa mwizi siku tatu baadaye: muuzaji atatakiwa kuonyesha kosa lake, nao wachague baina ya kuongeza bei na kurejesha bidhaa. Kumkubalia mwenzio aliyejuta kuvunja biashara ni jambo lenye fadhila katika Hadithi, hata pasipo kosa.

Yafaa pia kutazamwa ni nani anayeumia. Katika maduka mengi aliyekosea si tajiri. Ni kijana wa kazi, na upungufu wa jioni hukatwa katika mshahara wake. Mnunuzi asemaye kuwa tajiri hataona khasara huenda amechukua posho ya siku mbili ya kijana yule. Kwa hiyo inapowezekana fedha irejeshwe mbele yake, ili hesabu yake isafishwe. Na ikiwa duka limefungwa, na mwenyewe amehama asijulikane alipo hata baada ya kutafutwa, fedha itolewe sadaka kwa niaba yake. Na akitokea siku moja akaidai, alipwe.